SOMO LA USHIRIKA: Kuongeza Kanda za Kengele ya Ulinzi katika Ghala la Chama

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imezoeleka sana katika mikutano ya ushirika, na kila katibu aliyepata mafunzo ya uwekaji hesabu ameisikia zaidi ya mara moja. Lakini daftari haliwezi kumzuia mwizi. Daftari humwambia katibu asubuhi ni magunia mangapi yamepungua. Halimwambii usiku kwamba mlango wa nyuma umefunguliwa. Ndiyo sababu vyama vingi vya msingi siku hizi vimenunua mitambo ya kengele ya ulinzi, na vingine vinataka kuipanua mitambo hiyo ili ilinde maghala mapya.

Somo hili linaeleza jinsi mtambo wa kengele unavyopanuliwa kwa kufungwa moduli ya nyongeza, na jinsi moduli hiyo inavyopangwa ili ifanye kazi. Halikuandikwa kwa nia ya kumfanya katibu awe fundi wa umeme. Limeandikwa ili katibu, wajumbe wa bodi na wanachama wajue nini cha kudai, nini cha kukagua na nini cha kuandika, kabla fundi hajalipwa.

MFANO WA CHAMA KIMOJA

Na uchukuliwe mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa chenye ofisi na ghala la zamani chini ya paa moja. Mtambo wa kengele ulifungwa humo miaka kadhaa iliyopita. Msimu ukawa mzuri, chama kikajenga ghala jipya umbali wa mita 60 kutoka ofisini. Bodi ikaazimia kwamba ghala jipya nalo lilindwe. Fundi akaja, akafunga sanduku dogo, akavuta waya, akabandika vitambuzi ukutani, taa nyekundu zikawaka kila mtu alipopita mbele yake. Wajumbe wakaridhika, fundi akalipwa.

Ikiwa usiku mmoja wezi watavunja mlango wa nyuma wa ghala lile na kuchukua magunia 40 ya kilo 60 kila moja, kilo 2,400 zitakuwa zimekwenda. Mkulima mdogo akileta kilo 200 kwa msimu, hiyo ni jasho la wakulima 12 la msimu mzima. Na yawezekana kabisa kwamba king'ora hakitalia hata kidogo, ingawa taa za vitambuzi zilikuwa zikiwaka. Sababu yake itaelezwa mbele. Hapa itoshe kusema kwamba kifaa kilichofungwa ukutani si lazima kiwe kifaa kinachotambuliwa na mtambo.

MTAMBO NA KANDA ZAKE

Mtambo wa kengele una sehemu kuu tano. Ya kwanza ni sanduku kuu, ambamo mna bodi ya umeme inayotoa maamuzi yote. Ya pili ni kibao cha namba, ambacho mtu hukitumia kuutega mtambo anapoondoka na kuutegua anaporudi. Ya tatu ni vitambuzi: swichi za sumaku kwenye milango na madirisha, na vitambuzi vya mwendo vinavyohisi joto la mwili linapopita mbele yake. Ya nne ni king'ora. Ya tano ni nguvu ya umeme, yaani transfoma inayotoka kwenye umeme wa kawaida, pamoja na betri ya volti 12 inayoshika zamu umeme unapokatika.

Kila kitambuzi, au kundi la vitambuzi, huunganishwa kwenye nafasi yake katika sanduku kuu. Nafasi hiyo huitwa kanda. Kanda zikiwa nyingi na zikipangwa vizuri, mlinzi ataona kwenye kibao kwamba kilichofunguliwa ni mlango wa nyuma, wala hatakuwa na haja ya kuzunguka gizani akibahatisha.

Sanduku kuu huwa na kanda chache tangu kiwandani. Kwa mfano, katika mitambo ya PowerSeries ya kampuni ya DSC ya Kanada, ambayo imefungwa katika nchi nyingi, sanduku la PC1616 lina kanda 6, na masanduku ya PC1832 na PC1864 yana kanda 8 kila moja. Hata hivyo bodi hizo zimeundwa kukubali nyongeza: ya kwanza hadi kanda 16, ya pili hadi 32, ya tatu hadi 64. Kifaa kinacholeta nyongeza hiyo ndicho moduli. Moduli ya PC5108 ya kampuni hiyo huongeza kanda 8 kwa mara moja.

Katika mfano wetu chama kina sanduku la kanda 8, na ofisi pamoja na ghala la zamani vimetumia kanda 5. Ghala jipya linahitaji kanda 7. Tano na saba ni kumi na mbili; kanda nane hazitoshi. Moduli moja itazifanya ziwe 16, na chama kitabakiwa na nafasi 4 za akiba.

KABLA YA KUNUNUA

Jambo la kwanza kwa katibu ni kufungua mlango wa sanduku kuu, fundi akiwapo, na kunakili jina la kampuni na namba ya aina ya bodi. Moduli haina budi kuwa ya kampuni ileile na ya ukoo uleule na bodi. Moduli ya kampuni nyingine, hata ikiwa nzuri na ya bei nafuu, haitaelewana na bodi, maana kila kampuni ina lugha yake ndani ya waya.

Jambo la pili ni hesabu ya umeme. Moduli na vitambuzi vyote vipya vitakula umeme uleule wa sanduku kuu. Katibu aweza kuifanya hesabu hii mwenyewe kwa kalamu, kwani kila kifaa huandikwa kwenye kijitabu chake kinakula miliampea ngapi. Tuseme bodi hula 110, kibao 125 kinapofanya kazi kwa nguvu zote, na vitambuzi viwili vya mwendo vya ofisini 20 kila kimoja. Jumla ni miliampea 275. Sasa iongezwe moduli yenye kula 30, na vitambuzi vitatu vya ghala vyenye kula 60. Jumla mpya ni miliampea 365.

Betri ndogo ya kawaida ya mitambo hii ina uwezo wa ampea-saa 7. Ukigawanya 7 kwa 0.275 utapata kama saa 25. Ukigawanya 7 kwa 0.365 utapata kama saa 19. Na hiyo ni betri mpya. Betri iliyochakaa hutoa pungufu ya hapo, na king'ora kikilia huila upesi zaidi. Basi ikiwa umeme wa kijiji huweza kukatika tangu Jumamosi asubuhi hadi Jumatatu, betri ya zamani haitatosha ofisi peke yake, sembuse ofisi na ghala. Bodi ipitishe fedha za betri mpya pamoja na moduli, au ugavi wa umeme wa nyongeza kwa ajili ya ghala. Kupitisha moja na kuacha nyingine ni kumnunulia punda shogi la pili bila kumwongezea majani.

Jambo la tatu ni taratibu za ushirika. Ununuzi uwe na bei za wauzaji wasiopungua watatu, uwe ndani ya makisio yaliyoidhinishwa na mkutano mkuu, na uandikwe katika kumbukumbu za bodi. Mkataba wa fundi useme wazi kwamba sehemu ya malipo itazuiwa mpaka majaribio yafanyike na kutiwa sahihi. Moduli ikifika, iingizwe katika daftari la mali za kudumu, kama vile mizani na baiskeli za chama zinavyoingizwa.

MAHALI PA KUIFUNGA MODULI

Wako mafundi wanaopenda kuifunga moduli ndani ya sanduku kuu ofisini, na wako wanaopenda kuifunga kulekule ghalani. Kila njia ina faida yake na hasara yake.

Ikifungwa ofisini, itakuwa salama, lakini kila kanda ya ghala italazimika kuvutiwa waya zake mbili kwa umbali wa mita 60, pamoja na waya za kuvipa vitambuzi umeme. Ikifungwa ghalani, waya mmoja tu wenye nyuzi nne hutoka ofisini, na kanda zote huishia papo hapo kwa waya mfupi. Hii ndiyo faida kubwa ya moduli, nayo hupunguza gharama.

Lakini ghala la mazao lina adui wake. Vumbi la mazao huingia kila mahali. Na ghala linapofukizwa dawa ya vidonge vya fosifidi ya alumini ili kuua wadudu, vidonge hivyo hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo hula shaba. Waya, vituo vya kufungia waya na bodi za umeme vina shaba. Moduli iliyoachwa wazi katikati ya ghala linalofukizwa mara kwa mara yaweza kuharibika pole pole bila mtu kujua. Kwa hiyo mahali pafaapo ni chumba cha karani wa mizani, ikiwa kimetengwa na ghala kwa ukuta na mlango unaozibwa wakati wa kufukiza. Moduli iwekwe ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na kifuniko chake kiwe na swichi itakayotoa habari kikifunguliwa. Chumba chenyewe nacho kiwe na kitambuzi, ili asiwepo mtu awezaye kulifikia sanduku bila kuonekana.

WAYA ZA KUTOKA OFISINI

Katika mtambo uliotajwa, waya kati ya bodi na moduli una nyuzi nne za rangi: nyekundu, nyeusi, manjano na kijani. Nyekundu na nyeusi hupeleka umeme. Manjano na kijani hupeleka habari. Kila rangi hufungwa kwenye skrubu yenye rangi au jina lake, bodi na moduli pia. Fundi akizigeuza, moduli haitafanya kazi, na pengine itaungua.

Urefu wa waya una mpaka wake. Kampuni hiyo hairuhusu moduli iwe mbali na bodi zaidi ya mita 305, wala jumla ya waya zote za aina hiyo kuzidi mita 915. Sababu yake ni kwamba umeme hupungua njiani kama maji yapoteavyo nguvu katika mfereji mrefu. Waya wa namba 22 kwa kipimo cha Kimarekani, ambao unene wake ni kama milimita za mraba 0.33, una ukinzani wa kama omu 53 kwa kila kilomita. Kwa mita 60, umeme huenda na kurudi mita 120, yaani omu 6.4 hivi. Moduli na vitambuzi vitatu vikila miliampea 90, kitakachopotea ni kama nusu volti. Si neno. Lakini kwa mita 300 zitapotea karibu volti 3, na betri inapokuwa imeshuka hadi volti 11, ghala litapata volti 8 tu. Vitambuzi vingi havitafanya kazi sawasawa kwa umeme huo. Kwa umbali kama huo hapana budi kutumia waya mnene zaidi au kuweka ugavi wa umeme kulekule ghalani.

Waya unaotoka jengo moja kwenda jingine usitundikwe hewani juu ya miti. Radi ikipiga karibu, waya huo utaileta ofisini. Upitishwe ardhini ndani ya bomba la plastiki, mbali na waya za umeme wa kawaida, na pande zote mbili vifungwe vifaa vya kuzuia mshtuko wa radi.

KIPINGAMIZI CHA MWISHO WA WAYA

Hapa ndipo fundi mvivu na fundi mwema wanapoachana, na ndipo katibu anapopaswa kufungua macho.

Mtambo huijua hali ya kila kanda kwa kupima ukinzani wa waya. Mwisho wa waya hufungwa kidude kidogo kiitwacho kipingamizi. Katika mtambo wa mfano wetu kina ukinzani wa omu 5,600, nacho hutambulika kwa mistari yake ya kijani, buluu na nyekundu, ikifuatwa na mstari wa dhahabu. Milango ikiwa imefungwa, bodi huona omu 5,600 na kujua kuna amani. Mlango ukifunguliwa au waya ukikatwa, mzunguko hukatika. Waya mbili zikigusanishwa, ukinzani hushuka hadi karibu na sifuri. Ikiwa mtambo umetegwa, hali zote mbili hupiga kengele.

Lakini haya yote ni kweli kwa sharti moja: kipingamizi kiwe mwisho wa waya, ndani ya kitambuzi au kwenye swichi ya mlango wa mwisho. Fundi mvivu hukifunga ndani ya sanduku la moduli, kwa kuwa ni rahisi. Kibao kitaonyesha kwamba kila kitu ni salama, na mlango ukifunguliwa kengele italia. Ila waya zikigusanishwa mahali popote njiani, kwa hila au kwa panya kuzitafuna, bodi itaendelea kuona omu 5,600 na kudhani kuna amani, hata mlango ukiwa wazi. Kanda hiyo itakuwa kipofu, wala hakuna atakayejua.

Katibu amwombe fundi afungue kila kitambuzi na kumwonyesha kipingamizi kilipo. Kazi hii haihitaji elimu ya umeme. Inahitaji ngazi na dakika ishirini. Pia fundi apime kila kanda kwa mita kabla ya kuifunga kwenye moduli. Milango ikifungwa, mita isome karibu na 5,600. Mlango ukifunguliwa, mita isisome kitu. Vipimo hivyo viandikwe. Ikiwa madirisha kadhaa yamewekwa katika kanda moja, swichi zake zifuatane mmoja baada ya mwingine katika mstari mmoja, na kipingamizi kiwe kimoja tu, kwenye swichi ya mwisho.

KUFUNGA NA KUANDIKISHA

Kazi ya kufunga ifuate mpango huu.

Kwanza, mlinzi, jirani na kituo cha polisi kilicho karibu waarifiwe kwamba king'ora huenda kikalia mchana.

Pili, umeme wa kawaida ukatwe na betri ifunguliwe. Moduli isiunganishwe kamwe bodi ikiwa na umeme.

Tatu, moduli ipewe namba yake kwa kupanga vipini vidogo viitwavyo jampa, kama kijitabu chake kinavyoagiza. Vipini hivyo ndivyo vinavyoamua moduli itashika kanda 9 hadi 16, au 17 hadi 24, na kuendelea. Moduli mbili zikipewa namba moja zitagongana, kama vile wanachama wawili walioandikwa kwa namba moja ya uanachama. Mazao ya huyu yatasomwa kwa yule.

Nne, nyuzi nne zifungwe, kisha waya za kanda zifungwe, kisha umeme na betri virudishwe kwa mpangilio ulioandikwa katika kijitabu.

Tano, moduli iandikishwe. Hili ndilo jambo linalosahauliwa. Mtu akihudhuria mkutano wa chama kila mwezi, akakaa kiti cha mbele, bado si mwanachama mpaka jina lake liandikwe katika rejista. Vivyo hivyo moduli. Katika mtambo huu fundi huingia katika sehemu ya upangaji kwa namba yake ya siri, hufungua fungu la 902, na kungoja kama dakika moja bodi inapoita na kuandika moduli zote zilizounganishwa. Kisha hufungua fungu la 903 ili kuona kama moduli mpya imo katika orodha. Tangu hapo bodi huiita moduli kila mara. Isipoitika, kwa sababu waya umekatwa au moduli imeibwa, kibao huonyesha hitilafu.

KUZIPA KANDA KAZI

Hata baada ya kuandikishwa, kanda mpya hazina kazi. Kanda kuanzia ya 9 hutoka kiwandani zikiwa na alama 00, maana yake hazitumiki. Kitambuzi kitawaka taa yake kila mtu apitapo, kwa kuwa taa hiyo huwashwa na kitambuzi chenyewe, lakini bodi haitajali. Sasa imefumbuliwa siri ya ghala lililovunjwa bila king'ora kulia: fundi alifunga kila kitu ukutani, akaondoka bila kuzipa kanda kazi.

Kazi hizo huandikwa katika fungu la 001, lenye kanda 1 hadi 16. Alama 01 huipa kanda muda wa kuchelewa, ili mwenye ruhusa aingie na kukifikia kibao kabla king'ora hakijalia. Alama 03 humaanisha kulia papo hapo. Alama 11 humaanisha ulinzi wa saa 24, hata mtambo usipotegwa.

Katika mfano wetu kibao kiko ofisini, mita 60 kutoka ghalani. Anayetaka kulifungua ghala hana budi kupita ofisini kwanza na kuutegua mtambo. Basi hakuna haja ya muda wa kuchelewa ghalani. Kuuweka ni kumpa mwizi nusu dakika ya bure. Mpango wafaa uwe hivi:

Kanda ya 9: mlango mkuu wa ghala, alama 03.
Kanda ya 10: mlango wa nyuma, alama 03.
Kanda ya 11: madirisha yote, alama 03.
Kanda ya 12: kitambuzi cha ujia wa kati, alama 03.
Kanda ya 13: kitambuzi cha ujia wa nyuma, alama 03.
Kanda ya 14: kitambuzi cha chumba cha karani, alama 03.
Kanda ya 15: kifuniko cha sanduku la moduli, alama 11.
Kanda ya 16: akiba, alama 00.

Zaidi ya hayo, kanda hizi zinapaswa kuingizwa katika sehemu ya ulinzi. Sanduku la mfano wetu huweza kugawa ulinzi katika sehemu nne. Yafaa ofisi iwe sehemu ya kwanza na ghala sehemu ya pili, ili ghala liweze kutegwa mchana wakati makarani wanafanya kazi ofisini. Kanda yenye kazi lakini isiyo na sehemu ni sawa na karani aliyeajiriwa asipewe kituo.

Mwisho wa yote, namba ya siri ya fundi ibadilishwe isiwe ile ya kiwandani. Namba mpya iandikwe, itiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kuwekwa sahihi za mwenyekiti na katibu, na kuhifadhiwa ndani ya kasha la fedha. Chama kisicho na namba hiyo ni mateka wa fundi wake. Kila mtumiaji naye apewe namba yake peke yake; mtumishi akiondoka, namba yake ifutwe siku hiyohiyo.

MAJARIBIO

Majaribio yafanywe mbele ya katibu, mjumbe mmoja wa bodi na mlinzi. Mtambo utegwe, kisha kila mlango na kila dirisha lifunguliwe kwa zamu, na mtu apite mbele ya kila kitambuzi. Kila mara isomwe namba ya kanda kwenye kibao na kulinganishwa na orodha. Kanda isiyolia, au inayolia kwa namba isiyo yake, haijapita. Halafu umeme wa kawaida uzimwe na mtambo ujaribiwe kwa betri peke yake.

Ghala lina shida moja isiyo katika ofisi: hujaa na kuwa tupu. Kitambuzi kilichoona ujia mzima mwezi wa tatu hakitaona kitu mwezi wa tisa, magunia yakipangwa mbele yake hadi darini. Kwa hiyo majaribio ya kupita mbele ya vitambuzi yarudiwe kila shehena kubwa inapopangwa, na kila baada ya ghala kufukizwa dawa. Mstari mweupe uchorwe sakafuni kuonyesha mahali magunia yasipopaswa kuvuka. Vitambuzi visielekezwe kwenye bati au mlango unaopigwa na jua, na utando wa buibui ufutwe kila mwezi, maana kengele inayolia ovyo huzoeleka, na iliyozoeleka haiamshi mtu.

DAFTARI LA KENGELE

Katibu afungue daftari lenye safu tano: tarehe, kanda iliyojaribiwa, matokeo, hitilafu na hatua iliyochukuliwa, sahihi. Mtambo ujaribiwe walau mara moja kwa mwezi. Tarehe ya kuwekwa betri iandikwe kwenye jalada la daftari na juu ya betri yenyewe. Betri za aina hii aghalabu hudumu miaka mitatu hadi mitano, na hazina budi kubadilishwa kabla hazijafa.

Kwa chama cha Tanzania kinachopokea mazao kwa utaratibu wa Sheria ya Stakabadhi za Ghala Na. 10 ya mwaka 2005, daftari hili lina uzito zaidi. Mwenye kuendesha ghala ana wajibu wa kuyatunza mazao ya wenzake kwa uangalifu. Siku atakapoulizwa alifanya nini kuyalinda, daftari lenye sahihi za kila mwezi litasema kuliko maneno mengi.

Mali iliyo ghalani si ya bodi wala si ya katibu. Ni ya mkulima aliyeamka alfajiri kuchuma, akaanika, akachambua, akabeba kichwani, akapokea kipande cha karatasi na kwenda nyumbani akiamini. Kengele hulinda imani hiyo ikiwa tu imefungwa kwa ukweli, ikajaribiwa kwa ukweli, na ikaandikwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Mtambo wa chama chenu una kanda ngapi, na ngapi zinatumika? Nani anayejua?

2. Fanyeni hesabu ya miliampea za vifaa vyenu vyote. Betri yenu itadumu saa ngapi umeme ukikatika?

3. Kwa nini taa ya kitambuzi kuwaka si ushahidi kwamba ghala linalindwa?

4. Kipingamizi kikifungwa ndani ya sanduku la moduli badala ya mwisho wa waya, hatari yake ni ipi?

5. Namba ya siri ya fundi wa mtambo wenu iko wapi? Ikiwa jibu ni kwamba iko kwa fundi peke yake, bodi ifanye nini kabla ya mkutano ujao?